Bima ya afya ya lazima: kwa nini mzima amlipie mgonjwa?

#1 Mfupa Mgumu
Wakuu, habari zenu.

Nalileta bila kuzunguka. Kila nchi inapofufua mjadala wa bima ya afya, mwisho wake ni uleule: iwe lazima kwa wote. Mzima anakatwa, mgonjwa anakatwa. Mimi bado kijana, sivuti, sinywi, nakimbia kila asubuhi, hospitali naijua kwa kusindikiza watu tu. Mwisho wa mwezi makato yanatoka kwenye mshahara wangu, yanakwenda kumsafisha figo mtu aliyepuuza presha yake miaka na miaka.

Bima ya gari silipi kama sina gari, na mwenye historia ya ajali anatozwa zaidi ya mwenzake. Kwa nini kwenye afya hesabu inapinduliwa? Kila mtu abebe mzigo wake, asiyejiweza kabisa serikali imsaidie kwa kodi, basi. Atakayenipinga aje na hesabu, huruma aiache nyumbani.

#2 Kiti cha Nyuma
Nimeshakaa. Huu uzi hauishi leo.

#3 Bibi Hesabu
Umeomba hesabu, haya.

Chukua watu mia, bima ya hiari, ada moja kwa wote. Ada inapangwa kwa wastani wa gharama zao. Wewe mkimbiaji unaangalia ada, unaangalia afya yako, unaona unapunjwa, unatoka. Wakitoka ishirini wa aina yako, waliobaki kwa wastani ni wagonjwa zaidi, kwa hiyo mwakani ada inapanda. Ikipanda, wale wenye afya ya kati nao wanaona hailipi, wanafuata. Mizunguko michache tu, umebaki na mfuko wa wagonjwa watupu na ada ambayo hakuna anayeimudu.

Na haya yameshatokea. Mwaka 1993 jimbo la New York lilizikataza kampuni kuwabagua wagonjwa au kuwatoza zaidi, ila halikumlazimisha mzima kujiunga. Soko la watu wanaojikatia bima wenyewe likanywea, ada zikapaa.

Halafu kwa kuwa umeleta magari: George Akerlof, mwaka 1970, alieleza jambo hilihili akianzia na soko la magari yaliyotumika, na kwenye makala hiyohiyo akawataja wazee wanaokosa bima ya matibabu. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Nobeli ya uchumi. Gari lako limekusaliti, mdogo wangu.

#4 Dawa ya Mchana
Gari likikuchosha unaliuza, unapanda basi. Mwili ukikuchosha?

Na hiyo habari ya "aliyepuuza presha". Mwanangu ana siko seli. Kampuni ya kwanza niliyoiendea iliandika kwenye fomu kwamba ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, kwa hiyo hawaugusi. Ni kweli ulikuwepo kabla, ulikuwepo tangu yuko tumboni. Mfupa, kwa mpango wako huyu mtoto naye abebe mzigo wake?

#5 Mfupa Mgumu
Dawa, pole kwa mtoto, natoka moyoni. Lakini soma tena #1, asiyejiweza nimemweka kwenye kodi. Wewe unazungumzia bahati mbaya, mimi nazungumzia uzembe. Hivyo ni vitu viwili.

#6 Nesi wa Usiku
Nani atavitenganisha? Naletewa mtu wa kisukari saa nane za usiku, nianze kumhoji kama ni cha ukoo au cha soda? Aina ya kwanza haihusiani na ulaji kabisa. Aina ya pili ukoo, umri, uzito na ulaji vimesukwa pamoja, na hakuna kipimo cha maabara kinachosema uzembe asilimia ngapi.

#7 Jicho la Tatu
Nesi, kuna waliojaribu kutenganisha angalau kimoja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ileile iliyozizuia kampuni kumtoza mgonjwa zaidi, inaruhusu mtumiaji wa tumbaku atozwe hadi 50% juu. Kwa hiyo Mfupa hajazungumza upuuzi mtupu. Tatizo ni kwamba mvutaji anayeona ada imepanda nusu nzima anaweza kuacha bima badala ya kuacha sigara, na akianguka hospitali itampokea vilevile.

#8 Mama Pacha
Nacheka hapa peke yangu. Bibi Hesabu, yule mtu wa kwenye mfano wako ni mimi. Miaka yote sikuwa na bima. Nilipojua nina mimba nikaenda kujiandikisha kabla tumbo halijaonekana. Wakatoka wawili, kwa upasuaji, mmoja akakaa kwenye mashine ya joto. Mfuko ukalipa kila kitu. Watoto walipopata nguvu nikaacha kulipia.

Msinitukane. Nilipiga hesabu yangu kama Mfupa anavyotaka kila mtu apige yake.

#9 Bibi Hesabu
Sikutukani, nakushukuru. Wewe ni ushahidi unaotembea.

Ndiyo maana mifuko ya hiari huweka miezi ya kusubiri kabla ya kugharamia uzazi. Na muda huo ukiwekwa unamuumiza pia yule aliyeugua ghafla bila hila yoyote.

#10 Mfupa Mgumu
Sasa nimekuja na hesabu zangu. Hiyo sheria ya 2010 ya Marekani ilikuja na faini kwa asiye na bima. Bunge lao mwaka 2017 likaifanya faini kuwa sifuri kuanzia 2019. Wakubwa walitabiri soko litaporomoka. Limeporomoka? Halikuporomoka. Kwa hiyo huo ulazima ulikuwa wa nini?

#11 Bibi Hesabu
Halikuporomoka kwa sababu kuna ruzuku. Mwenye kipato cha chini anachangia sehemu ya kipato chake tu, ada ikipanda ruzuku inapanda nayo. Aliyeumia ni yule wa kati asiyepata ruzuku. Na ruzuku inatoka wapi? Kwenye kodi. Umekimbia mlango wa mbele, umekatwa mlango wa nyuma.

#12 Karani wa Madai
Mimi niko upande wa kupokea madai, kampuni siitaji. Mnapigana juu ya mwanachama, wakati pesa haivujii kwa mwanachama.

Mgonjwa akionekana ana kadi, kalamu inarefuka. Kipimo kimoja kinakuwa vitano, dawa ya kawaida inabadilishwa kuwa ya jina kubwa. Nimeshika kwa mikono yangu fomu ya mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua. Mtafiti Milton Roemer aliliona tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani: pakiongezwa vitanda vya hospitali, wagonjwa wa kuvijaza wanapatikana. Ukilipa kwa kila kipimo, utaletewa vipimo.

Dawa yake ni kulipa kwa tatizo. Medicare, bima ya wazee wa Marekani, ilianza hivyo mwaka 1983: hospitali inapewa kiasi kilichopangwa kwa aina ya ugonjwa, imlaze mtu siku mbili au kumi ni shauri yake.

#13 Nesi wa Usiku
Na shauri yake ikawa kumtoa mgonjwa mapema. Siku za kulazwa zilipungua kweli, kila mtu akapiga makofi, aliyebaki na kazi ya kuosha kidonda ni binti wa mgonjwa nyumbani. Hiyo gharama haipo kwenye fomu yako.

Halafu Karani, kwa heshima zote. Nyie mnakaa na dai miezi, mnalirudisha kwa sababu sahihi imetoka nje ya kisanduku. Kituo kidogo kisicho na akiba kinaishiwa glavu kikiwasubiri. Mgonjwa mwenye kadi akija anaambiwa dawa hakuna, mwenye pesa mkononi dawa ipo. Msishangae watu wakiichukia kadi.

#14 Karani wa Madai
Sahihi nje ya kisanduku ni kweli, nimezirudisha. Mfumo unazikataa wenyewe hata kabla sijafungua fomu. Kuhusu yule mwanamume aliyejifungua sijasikia utetezi.

#15 Dawa ya Mchana
Labda alikuwa baba wa pacha wa #8.

#16 Mama Pacha
Niachieni mume wangu 😂

#17 Mwalimu Mstaafu
Vijana, mjue mambo haya yalikotoka kabla ya kupigana.

Bima ya ugonjwa ya lazima ya kwanza kwa taifa zima ni ya Ujerumani, mwaka 1883, chini ya kansela Otto von Bismarck. Msidhani alikuwa na huruma. Wasoshalisti walikuwa wanamnyang'anya wafanyakazi, akaona awape kitu mapema. Mfanyakazi alitoa theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Siku hizi wanagawana nusu kwa nusu. Waingereza wakachukua njia nyingine. Ripoti ya William Beveridge mwaka 1942 ilitaka matibabu kwa wote, kisha waziri wa afya Aneurin Bevan akafungua huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, inayoendeshwa kwa kodi. Na tangu siku hiyo hakuna Mwingereza aliyetoa senti kwa matibabu.

Kwa hiyo Mfupa, unachokiita hesabu mpya ni ugomvi wa zaidi ya miaka 140.

#18 Jicho la Tatu
Mwalimu, shikamoo, hapo mwisho nakukata kidogo. Bevan mwenyewe alijiuzulu uwaziri mwaka 1951 kwa sababu serikali yake ilitaka watu wachangie meno ya bandia na miwani. Mwaka uliofuata ikaja ada ya dawa za kuandikiwa na daktari. Hadi leo England wanaitoza, ingawa wengi wamesamehewa, wakati Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wameshaifuta. Bure ile ilidumu kwa ukamilifu miaka mitatu hivi.

#19 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kuonana na daktari je, wanalipa?

#20 Jicho la Tatu
Kumwona daktari hawalipi. Wanasubiri.

#21 Ndimu Kali
Mmegusa ninapotaka: ada ndogo mlangoni. Mimi naiunga mkono. Kitu cha bure hakina heshima. Mtu akikohoa mara moja anakuja kujaza foleni. Weka kiasi kidogo, anayeumwa kweli atakuja tu.

#22 Nesi wa Usiku
"Anayeumwa kweli atakuja tu." Anakuja, ndiyo. Anakuja amebebwa.

#23 Bibi Hesabu
Ndimu, hili limepimwa. Taasisi ya RAND ya Marekani iliendesha jaribio kati ya 1974 na 1982. Familia ziligawanywa kwa kura: nyingine zikatibiwa bure, nyingine zikalipa sehemu, hadi 95% ya bili mpaka kufikia ukomo fulani. Waliolipa walitumia huduma chache, hapo umepatia. Lakini walipunguza zilizohitajika na zisizohitajika karibu kwa kiwango kimoja. Mgonjwa si daktari, hajui kikohozi kipi ni cha kupuuza.

#24 Ndimu Kali
Malizia basi. Hilo jaribio nalijua. Afya za walio wengi hazikutofautiana. Wametumia kidogo na hawakufa. Kwa nini unaruka hapo?

#25 Bibi Hesabu
Siruki, nilikuwa napumua. Kwa wastani ni kweli. Waliotofautiana ni maskini wenye presha ya juu: waliotibiwa bure presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Wastani unawafunika hao. Na hata hao waliolipa walikuwa na ukomo unaofuata kipato chao. Hiyo "ada ndogo" yako ina ukomo?

#26 Mkulima wa Barua Pepe
Kuna na ile ya dawa za minyoo shuleni, Busia, Kenya. Dawa ilikuwa bure, wakajaribu kuweka ada ndogo sana kwenye baadhi ya shule. Waliomeza wakashuka kwa karibu 80%. Michael Kremer na Edward Miguel ndio waliofuatilia. Na minyoo ni ya kuambukizana, asiyemeza anamrudishia aliyemeza. Ndimu, hao wazazi walikuwa wanakosa heshima kwa minyoo?

Uganda nayo ilifuta ada kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa wakafurika, hasa maskini.

#27 Ndimu Kali
Wakafurika wakakuta dawa zimeisha, wakatumwa duka la nje. Ada umeiondoa dirishani umeipeleka ng'ambo ya barabara. Nilichosema ni hichohicho: pesa lazima itoke mahali. Thailand walipoanza mpango wao wa wote mwaka 2002 waliweka baht 30 kwa kila ziara, maskini wakasamehewa. Mbona hamuwasemi?

#28 Mkulima wa Barua Pepe
Kwa sababu baht 30 haikuwa inaendesha mpango. Unaendeshwa kwa kodi kuu ya nchi, na baadaye walishawahi kuifuta hiyo ada kwa miaka kadhaa, mpango ukaendelea kutembea.

#29 Mkono Mtupu
Nimesoma kuanzia juu, niongeze langu.

Mimi nilikatwa kila mwezi, makato yapo kwenye hati ya mshahara, yanasomeka. Mke wangu akaugua, tukaenda, dada wa dirishani akaingiza namba, akaniangalia, akaingiza tena. Mwajiri hakuwa amewasilisha michango. Kwenye mfumo mimi si mwanachama hai. Nikatoa mfukoni, nikakopa. Mwajiri simtaji, bado niko kwake.

Sasa ninyi mnajadili mzima amlipie mgonjwa. Mimi nilimlipia nani?

#30 Mfupa Mgumu
Pole sana ndugu. Hili nakubaliana nawe mia kwa mia, na linathibitisha hoja yangu: ukilazimisha watu kutoa, lazima pawepo anayelazimishwa kupeleka.

#31 Karani wa Madai
Mkono Mtupu, hati zako za mshahara zitunze zote, hata za zamani. Kwenye madai ya namna hiyo ndizo zinazoonyesha kosa liko kwa nani. Waajiri wa hivyo si wachache.

#32 Jicho la Tatu
Turudi kwenye gharama, kwa sababu nadhani wote mnazunguka. Marekani inatumia zaidi ya 17% ya pato lake la taifa kwenye afya na bado mamilioni hawana bima. Mtu wa #21 atasema wanapenda hospitali. Hawapendi. Wajapani wanamwona daktari mara nyingi kuliko Wamarekani kwa mbali na wanatumia kidogo zaidi. Tofauti ni bei. Japani kila raia ana bima tangu 1961, na serikali inapanga bei ya kila huduma na kila dawa kwa nchi nzima, na zile za huduma inazipitia kila baada ya miaka miwili. Marekani kila kampuni inabishana na kila hospitali, na kipimo kilekile kina bei tofauti kulingana na kadi uliyoshika.

Mzima, mgonjwa, mzembe, mcha Mungu, wote hawana kosa. Bei ndiyo yenye kosa.

#33 Ndimu Kali
Panga bei, madaktari wagome. Saskatchewan, Kanada, 1962: serikali ilipoleta bima ya umma ya kuwalipa madaktari, waligoma siku 23.

#34 Jicho la Tatu
Na siku ya 23 wakarudi kazini, ndani ya mpango uleule. Miaka minne baadaye Kanada nzima ikapitisha sheria ya namna hiyo.

#35 Ndimu Kali
Walirudi baada ya kupewa masharti yao, kuendelea kulipwa kwa kila huduma, yaani ile kalamu ndefu ya Karani. Usikate hadithi katikati, Bibi Hesabu ameshakuambukiza.

#36 Mkulima wa Barua Pepe
Kwa wanaoamini ushindani utashusha bei, waangalie Uswisi. Tangu 1996 bima ni lazima, kampuni ni za binafsi, kitita cha msingi cha huduma ni kimoja, na haziruhusiwi kupata faida kwenye hicho kitita. Unahama kampuni ukitaka. Ada bado zinapanda, na karibu kila mwaka ndio ugomvi wao. Huduma nzuri, hilo hakuna anayebisha.

#37 Kibarua wa Siku
Samahanini wasomi. Mnasema makato ya mshahara, makato ya mshahara. Sisi tusio na mshahara? Leo nimepata, kesho sijapata. Mtanikata wapi?

#38 Mwalimu Mstaafu
Swali zuri kuliko yote hapa. Kuna njia kadhaa na zote zina kasoro. Rwanda waliwapanga watu kwa ngazi za uwezo, maskini kabisa wakalipiwa, wengine wakachangia kwa ngazi. Kenya tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa 2.75%, asiye na mshahara anapimwa kwa maswali ya hali ya kaya yake. Ghana kwa sheria ya 2003 wakaweka 2.5% juu ya bidhaa na huduma, kila anunuaye anachangia bila kujazishwa fomu.

#39 Kibarua wa Siku
Hayo maswali ya kaya nayajua. Unaulizwa paa la nini, sakafu ya nini. Bati nililiezeka mwaka niliopata. Mwaka huu sijapata, ila bati bado lipo, kwa hiyo mimi tajiri.

Na hiyo ya bidhaa naomba kuelewa. Nikinunua kitu nimechangia. Nikienda hospitali bila kadi, naruhusiwa?

#40 Mwalimu Mstaafu
Hapana. Kadi ya Ghana inabidi uwe umejiandikisha na unaihuisha kila mwaka.

#41 Kibarua wa Siku
Kwa hiyo asiye na kadi anamlipia mwenye kadi.

#42 Mfupa Mgumu
Eeh! Mnaona? Kibarua amesema kwa mstari mmoja. Sasa niambieni, kama mwisho wa yote ni kodi, kwa nini tusiite kodi, tukafunga madirisha ya bima, makarani, kadi na vibali vyote, kila mtu atibiwe?

#43 Bibi Hesabu
Mfupa, unajua umehama upande? Ulianza kwa kila mtu abebe wake, sasa uko na Bevan.

#44 Mfupa Mgumu
Sijahama. Nataka kukatwa mara moja, kwa jina lake.

#45 Karani wa Madai
Kodi ikiingia kwenye kapu kuu inagombewa na barabara na mishahara. Marais wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga 15% ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hata karibu. Mfuko wenye jina lake angalau unajua ulichoingiza. Na msitake kunifukuza kazi kirahisi hivyo.

#46 Mkono Mtupu
Mfuko wenye jina lake ndio ulioniambia mimi si mwanachama.

#47 Dawa ya Mchana
Swali la pembeni kabla hamjachapana: kwa nini karibu kila kitita kinayaweka meno kando, kana kwamba mdomo si sehemu ya mwili? Hata Kanada ilipojenga bima yake ya wote iliacha meno nje, na dawa za kumeza nyumbani pia.

#48 Nesi wa Usiku
Kwa sababu meno hayaui haraka. Nimemwona mtu jipu la jino limeshuka shingoni, hawezi kumeza mate. Gharama ya kumlaza ingeng'oa meno ya mtaa mzima.

#49 Ndimu Kali
Nesi kila kitu kwako kinashuka shingoni. Weka ada ndogo ya kung'oa, tuone nani atakosa.

#50 Nesi wa Usiku
Ndimu, soma #26 tena, polepole, halafu uje na huo ukomo ambao Bibi Hesabu anakudai tangu #25.